Skrini ya nje inanipa 1024 kwa 768 tu: naomba ushauri

MchoraRamani
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaishi Morogoro na kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitumia kompyuta mpakato yenye kioo cha pikseli 1366 kwa 768, ambacho ukishapanga zana zote pembeni, nafasi inayobaki ya kuchorea hailingani hata na kiganja. Wiki iliyopita nilinunua Kariakoo skrini ya mtumba ya inchi 24, na kibandiko cha mgongoni kinasema ni ya 1920 kwa 1080. Kwa kuwa kompyuta yangu ina tundu la HDMI peke yake, muuzaji alinipa adapta ya kugeuza HDMI, ambayo ni njia ya picha ya kidijitali, kuwa VGA, ile njia ya zamani ya analogia, pamoja na kebo ya VGA iliyokwisha kutumika.

Picha inakuja, lakini kwenye orodha ya resolusheni (idadi ya pikseli za picha) ya Windows 10 ninaona 800 kwa 600 na 1024 kwa 768, basi. Nikichagua hiyo kubwa, picha inavutika kwa upana kiasi kwamba duara la tangi la maji nililolichora linaonekana kama yai, na sithubutu kumwonyesha mteja kitu cha namna hiyo. Je, nimeuziwa skrini mbovu, au ni kompyuta yangu ndiyo haina uwezo?

Kaskazi
Pole, ndugu. Usiilaumu skrini kabla ya kutazama draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya picha. Fungua "Device Manager", kisha "Display adapters". Ukikuta maneno "Microsoft Basic Display Adapter", basi Windows inatumia draiva ya kujishikiza tu, na orodha fupi ni tabia yake. Ukikuta jina la kadi yenyewe, tafuta kosa mahali pengine.

Mwanagenzi
Vilevile bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Ikiwa umechagua picha ile ile ionekane kwenye vioo vyote viwili, kompyuta itatafuta kipimo ambacho vyote vinakimudu, na kioo chako kidogo kitaiburuta skrini kubwa chini. Chagua "Extend", ili kila kioo kiwe na picha yake, uone.

MchoraRamani
Ninawashukuru. Jina la kadi ya Intel lipo, na nimechagua "Extend", lakini orodha haijabadilika. Kuna jambo moja nimeligundua nilipokuwa humo: chini ya "Monitors", kioo cha kompyuta kinaitwa "Generic PnP Monitor", ilhali skrini ya nje inaitwa "Generic Non-PnP Monitor". Sijui kama lina uzito wowote.

Fundi Mstaafu
Lina uzito kuliko yote uliyoandika, mwanangu. Kila skrini hubeba ndani yake maelezo mafupi yaitwayo EDID, ambayo sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu, na humo imeandikwa nani aliyeitengeneza na ni vipimo gani inavipokea. Unapochomeka kebo, kompyuta huyasoma maelezo hayo kwanza, ndipo ipange orodha. Hilo neno "Non-PnP" ni kompyuta inakuambia kwamba imeuliza na haikujibiwa, kwa hiyo imekupa vipimo vya zamani ambavyo karibu kila skrini inaviweza. Picha inapita, lakini mazungumzo yamekatika.

Sasa chomoa kebo ya VGA uitazame kwenye mwanga. Ina nafasi 15 katika safu tatu za tano tano. Rangi nyekundu, kijani na buluu hupita kwenye pini za 1, 2 na 3, ndiyo maana picha unaiona. Maelezo ya EDID hupita kwenye pini ya 12 na ya 15, yaani ya pili na ya mwisho katika safu ya tatu. Pini ya 9 isipokuwepo usishtuke, kebo nyingi hutengenezwa bila hiyo.

Kaskazi
Mzee, si anaweza kulazimisha 1920 kwa 1080 kupitia programu ya Intel, akaachana na kuhesabu pini?

Fundi Mstaafu
Anaweza, na skrini ikikataa, Windows hurudisha kipimo cha awali baada ya sekunde 15 asipothibitisha. Lakini atakuwa anakisia jambo ambalo skrini yenyewe ingelisema, na adapta nyingine hugoma. Mimi ningeanza na kebo.

MchoraRamani
Shikamoo mzee. Nimetumia tochi ya simu: pini ya 12 imelala kabisa, imebanwa chini kama msumari uliopigwa upande. Nimejaribu kuinyoosha kwa sindano, ikakatika.

Fundi Mstaafu
Marahaba. Usihuzunike, maana huenda hiyo VGA huihitaji. Mgongoni mwa skrini, kando ya tundu la VGA, hakuna jingine jeupe na pana zaidi, lenye vitundu vingi vidogo vya mraba?

MchoraRamani
Lipo, na limeandikwa DVI-D. Nilidhani ni la mitambo ya zamani.

Fundi Mstaafu
Ni la zamani kweli, lakini ni la kidijitali, na picha inayotoka HDMI huingia DVI bila kugeuzwa. Nunua kebo yenye kichwa cha HDMI upande mmoja na DVI upande wa pili, adapta uiweke kando. Sauti haitapita kwa uhakika, kwa hiyo endelea na spika za kompyuta.

MchoraRamani
Nimerudi kutoka mjini na kebo mpya. Nilipochomeka, skrini ilizima kidogo, ikawaka, na 1920 kwa 1080 imejichagua yenyewe bila mimi kugusa kitu. Mistari myembamba iliyokuwa na ukungu sasa imekatwa safi, na tangi la maji limerudi kuwa duara.