Naomba ushauri: nataka kujitolea kwenye maafa, lakini nia yangu inanitia shaka

Mleta uzi, Singida
Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Mimi ni mhitimu wa shahada ya ualimu, bado sijapata ajira. Tangu maporomoko ya tope yaliyoikumba Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu 89, nimekuwa na hamu ya kujitolea katika kazi za misaada pindi maafa mengine yatakapotokea. Nasema wazi kwamba sisukumwi na huruma peke yake. Naona nimedumaa, ni mwoga wa watu na mzito wa kuamua, na naamini kazi ya namna hiyo itanikomaza. Mama ameniuliza swali lililonishinda: je, ni haki mtu kwenda kujijenga kwenye msiba wa wenzake? Naomba mnishauri, hasa ninyi mliowahi kuifanya kazi hii, na kama inafaa mniambie nianzie wapi.

Mchangiaji wa Babati, mfanyakazi wa kujitolea
Marahaba, mdogo wangu. Swali la mama ni zito, nawaachia wenye hekima kunizidi. Mimi nitakueleza kazi yenyewe, maana wengi huiwazia kwa picha za kwenye taarifa ya habari. Pale Katesh, kuondoa tope na kutafuta miili kulikuwa mikononi mwa majeshi na vikosi vya uokoaji wenye mitambo na mafunzo. Sisi tulikuwa kwenye shule walikohifadhiwa waliopoteza makazi, tukiandikisha kaya, tukigawa mablanketi, tukichambua marundo ya nguo zilizochangwa ili mama mwenye mtoto mchanga asipewe suruali ya mtu mzima, na tukihakikisha aliyepotezana na nduguye jina lake limeandikwa sawasawa. Ni kazi ya subira na daftari, na anayetafuta ushujaa huichoka mapema.

Kwa hiyo usisubiri maafa yatokee ndipo upande basi. Anayefika peke yake, bila kutumwa wala kufundishwa, atahitaji maji, chakula na mahali pa kulala palepale ambapo wenyeji wamevikosa. Nenda sasa kwenye tawi la Chama cha Msalaba Mwekundu lililo karibu nawe, ujiandikishe na uombe mafunzo ya huduma ya kwanza. Ulizia pia kamati ya usimamizi wa maafa ya eneo lako, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeziweka kamati hizo hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Na kwa kuwa huna ajira, ujue mapema kwamba kujitolea si kibarua. Posho ikiwepo ni ya nauli na chakula.

Mchangiaji wa Morogoro, muuguzi
Mdogo wangu, kutaka kukua si dhambi, ilimradi gharama ya kukua kwako asiilipe aliyefikwa. Huilipa pale unapomlazimisha asimulie kifo cha mwanawe ili wewe uguswe, au unapomwambia kwamba yote ni mipango ya Mungu kwa sababu ukimya wake unakuogopesha. Katika huduma ya kwanza ya kisaikolojia tunafundishwa mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Utazame nani yuko hatarini, usikilize bila kuchokonoa, umuunganishe na ndugu zake au na huduma anayoihitaji. Mtu mwoga wa watu anaweza kujifunza hayo vizuri sana, pengine kuliko msemaji.

Nina angalizo moja: kama wewe mwenyewe una msiba mbichi, tulia kwanza. Chanja dhidi ya pepopunda, na usione aibu kumwambia kiongozi wako kwamba umeelemewa.

Mchangiaji wa Rufiji
Mwanangu, nakujibu kama mmoja wa tuliosaidiwa. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba yetu wakati mazao bado yako shambani, na mwenye shamba lililozama hana njaa ya wiki moja, ana njaa ya msimu mzima. Walipokuja wengi, wengine walitaka bibi aushike mfuko wa unga mpaka wapige picha, jambo lililotuumiza kuliko maji. Halafu wakaondoka wote kwa pamoja, sisi tukabaki na haja ya mbegu, madaftari na mtu wa kutufuatilia majina yaliyorukwa kwenye orodha. Kijana mmoja alibaki. Aliwasomesha watoto chini ya mwembe hadi masomo yalipoanza tena, na hakuna mzazi aliyemuuliza nia yake. Wewe ni mwalimu. Mwambie mama hivyo.

Mleta uzi
Nawashukuru kwa dhati. Nitaenda kwenye tawi Jumatatu. Nilikuwa nawaza siku za uokoaji tu, wala sikuwaza miezi inayofuata. Je, kuna nafasi ya mtu kujitolea baada ya dharura kwisha?

Mchangiaji wa Babati
Nafasi ipo, na waombaji ni wachache. Waathirika wa Hanang walikabidhiwa nyumba zao mpya Desemba 2024, mwaka mzima baada ya tope, na katika mwaka huo kulikuwa na watoto wa kurudishwa darasani na wazee wa kutembelewa. Ukijiandikisha, sema waziwazi kwamba unataka kazi ya kipindi hicho.