Mrejesho: violeti zangu za Uyole

Wakuu, mwezi wa sita niliuliza kwa nini violeti zangu za Usambara, haya maua ya chunguni, zinapata madoa ya kahawia kwenye majani na shina linalegea. Nilidhani ni ugonjwa, nusura ninunue dawa. Kumbe ni maji! Nilikuwa namwagia juu, tena ya bombani, na baridi ya Uyole, huku Mbeya, asubuhi mnaijua.

Dada aliyesema nifukue nione mizizi, asante: ilikuwa myeusi, imelainika. Sasa naacha maji ndani yapoteze ubaridi, namimina kwenye kisahani, chungu kinanyonya kama nusu saa, yanayobaki namwaga. Usiku naviondoa vyungu dirishani. Madoa ya zamani hayafutiki, ila majani mapya yanatoka safi, yana vinyweleo kama shavu la mtoto.

Mbili zilikufa. Ya tatu niliikatia majani matatu, nikachomeka vikonyo kwenye mchanga na mboji. Wiki ya tisa, chini ya jani moja, vimechomoza vijani kama masikio ya panya. Mengine kimya. Mama mkwe anauliza kama ni mboga.