Naombeni ushauri, kasuku gani anafaa kufugwa kwenye fleti?

Wakuu habari zenu. Naishi fleti, ukuta mmoja na jirani mwenye kichanga, na kasuku nimemtamani tangu utotoni. Moyo uko kwa yule wa kijivu ila anaweza kuishi miaka 40 na zaidi na akiachwa mpweke anajinyonyoa manyoya, sa mi natoka asubuhi narudi jioni, naona ntamtesa tu. Kokateli je, yule kasuku mdogo mwenye kishungi? Juzi nilimshika mmoja akainamisha kichwa nimkune shingo, nikaisha kabisa, lakini vumbi la manyoya yake ni jingi na mimi nna pumu. Au nichukue badji wawili, vile vikasuku vidogo kabisa, wapeane kampani? Kelele zao asubuhi zikoje? Vikaango vya tefloni, vile visivyogandisha chakula, nshatoa vyote maana vikiungua moshi wake unaua ndege. Mliofuga ndani nisaidieni jamani.