Diklofenaki kuuzwa kwenye kioski: izuiwe ama iachwe?

Jamani tujadili hili. Hapa Arua, Uganda, karibu na steji yetu ya boda kuna kioski cha sukari na sabuni, mama mwenyewe anakata na makasi vidonge vya diklofenaki, hii dawa ya maumivu, viwili viwili, anakufungia kwa gazeti, hakuulizi kama una presha. Mimi nasema izuiwe, mpaka uwe na karatasi ya daktari. Halafu nimesoma Panadol ikivunjwa mwilini inatoa sumu inaitwa NAPQI, inaua seli. Figo zetu zitapona kweli?

DEREVA: Wee bosi unaongea umekaa kwa kiti. Mimi mgongo umekufa na haya mashimo, kituo cha afya unapanga foleni toka asubuhi mpaka saa nane ndo unaambiwa dawa imeisha, kanunue nje. Nje wapi, si hapo hapo kioski!

NESI: Mnachanganya vitu viwili. NAPQI ni ya parasetamoli, yaani hiyo Panadol. Ukimeza kwa kipimo, ini lina glutathioni, inaikamata ile sumu inatoka na mkojo, basi. Ukizidisha, glutathioni inaisha, sumu inang'ang'ania protini za seli zenyewe na seli zinakufa, ini ndo linaanza, figo nazo saa zingine zinaguswa. Mtu mzima mwisho gramu 4 kwa siku, vidonge 8 vya miligramu 500, na wewe wa waragi, pombe kali, kila jioni hata usifike huko. Diklofenaki ni kesi nyingine, haingoji kuvunjwa. Yenyewe inazuia prostaglandini, na hizo ndo zinaacha mishipa ya figo wazi damu ipite. Sasa umeshinda juani, hujanywa maji, unameza viwili, figo zinakosa damu.

MZEE: Zamani kulikuwa na dawa ya maumivu inaitwa fenasetini, watu wamemeza miaka figo zikaharibika, Marekani wakaitoa 1983. Na mwilini ilikuwa inageuka parasetamoli! Kwa hiyo kuzuia inawezekana.

DEREVA: Mzee, waliitoa wakiwa na ingine ya kumeza. Mimi mnanipa nini?

NESI: Parasetamoli kwanza, na maji. Hata mimi siungi mkono izuiwe kabisa, ila mwenye kuuza aulize presha, figo, mimba.

MIMI: Nesi, yule mama wa kioski hasomi hata maandishi ya kwenye pakiti, atauliza nini?

DEREVA: Leo ameniuliza kama nina chenji tu.