Kitambaa cha khadi kutoka India: nikioshe kabla ya kukata kurta ya harusi?

Fundi wa Mikindani

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani, na kazi yangu kubwa ni kanzu, mashati ya kiume na sare za shule. Mteja wangu, mzee ninayemheshimu sana, ameletewa na mwanawe anayesoma Ahmedabad mita nne za kitambaa cheupe cha pamba, akaniambia kuwa ni khadi, yaani pamba iliyosokotwa kwa mkono na kisha kufumwa kwa mkono. Anataka nimshonee kurta, ile kanzu fupi ya Kihindi inayofika magotini, aivae katika harusi ya binti yake. Nyuzi zake hazilingani, kwani mahali pengine ni nene na pengine ni nyembamba, na upana wake ni inchi 36 tu. Naomba kujua kama nikioshe kabla ya kukata, nitatambuaje kuwa ni khadi ya kweli, na kama vazi hili litamfaa katika joto letu la pwani. Mzee hana kipande kingine cha kunipa nikikosea.

Mshonaji wa Lindi

Fundi mwenzangu, kioshe, na usikiguse kwa mkasi kabla ya hapo. Uzi wa pamba huvutwa sana unapofumwa, na maji ya kwanza huulegeza, ndipo kitambaa kinaporudi. Ukishona kwanza, kitarudi kikiwa mwilini mwa mteja, na mikono ya kurta itapanda juu ya vifundo.

Kabla ya kuloweka, pima kwa rula mraba wa sentimita 20 kwa 20 pembeni mwa kitambaa na uutie alama kwa uzi wa rangi isiyochuja, kisha uupime tena baada ya kukausha na kupiga pasi. Ukikuta 20 zimekuwa 19, ujue kitambaa kimerudi kwa asilimia 5, kiasi ambacho katika kurta yenye urefu wa sentimita 100 ni sentimita 5 kamili. Pima urefu na upana kila kimoja peke yake, kwa maana havirudi sawa. Loweka usiku kucha katika maji baridi yasiyo na dawa ya kung'arisha, kamua kwa kubonyeza bila kusokota, kisha uanike kivulini kikiwa kimenyooshwa.

Wakati wa kushona, tumia sindano namba 11 na uzi wa pamba, na uache nafasi ya mshono iliyo pana kuliko kawaida yako, kwa sababu kitambaa cha namna hii hufumuka nyuzi haraka kinapokatwa. Mimi hupendelea mshono wa kukunja pande zote mbili badala ya ovaloki (mshono wa mashine wa kuzuia ukingo usifumuke), kwani kurta huvaliwa bila bitana na ndani yake huonekana mzee anapokunja mikono.

Kuhusu ukweli wake, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi iliyoungua na huacha majivu laini, ilhali tetroni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Majivu yakiwa laini, basi umepata khadi.

Muuza Vitambaa, Mtwara Mjini

Dada yangu wa Lindi amesema vyema juu ya kuosha, na ningependa kila fundi wa mji huu afuate kipimo chake. Hata hivyo, kwa heshima zote, jaribio la moto linathibitisha pamba tu. Pamba ya kiwandani nayo huacha majivu laini, na kitambaa kilichofumwa kwa mkono kutokana na uzi wa kiwandani, ambacho India kinatengenezwa kwa wingi, si khadi. Khadi inadai mkono katika hatua zote mbili.

Kwa hiyo uangalie uzi wenyewe. Chomoa mmoja wa urefu na mmoja wa upana, uinyooshe kwenye mwanga, na uone kama unene wake unabadilika bila mpangilio. Kuna viwanda vinavyoiga sehemu hizo nene, yaani mafundo, lakini mara nyingi mafundo ya mashine hujirudia kwa umbali unaofanana. Wakati huohuo, usikatae kitambaa kwa sababu tu uzi wake umenyooka, kwa kuwa wasokotaji wengi wa leo hutumia ambar charkha, gurudumu lenye vijiti kadhaa vya kusokotea linalozungushwa kwa mkono na kutoa uzi uliolingana zaidi kuliko lile la zamani. Ushahidi ulio imara ni lebo ya Khadi Mark, iliyoanza mwaka 2013 chini ya tume ya serikali ya India inayosimamia khadi na viwanda vya vijijini, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1956. Mwombe mzee amuulize mwanawe kama lebo au risiti ipo.

Joto lisikutie shaka. Uzi wa mkono kwa kawaida haukazwi sana, hivyo hewa hupita na jasho hunywewa. Ubaya wake ni kujikunja, na dawa yake ni wanga kidogo na pasi wakati nguo bado ina unyevu.

Mwalimu wa Kilwa Masoko

Naongeza jambo moja ambalo fundi anaweza kumweleza mzee. Khadi ilipata heshima yake katika kupigania uhuru wa India, pale Gandhi alipowahimiza Wahindi, hasa kuanzia miaka ya 1920, waache nguo za viwanda vya Uingereza na wasokote uzi wao wenyewe. Ashramu yake (makao ya jumuiya yake) ya Sabarmati, iliyoanzishwa mwaka 1917, iko Ahmedabad, mji uleule alipo kijana. Katika kijiji cha Ponduru, jimbo la Andhra Pradesh, mpaka leo pamba huchanwa kwa taya la samaki mwenye meno madogo kabla ya kusokotwa, jambo ambalo watu wa pwani yetu wataliona la karibu sana.

Kwetu pia kazi hii ilikuwapo. Kilwa Kisiwani wanaakiolojia wamefukua vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati kwa ajili ya kijiti cha kusokotea, na Wareno waliofika mwaka 1505 waliandika kwamba pamba nzuri ililimwa kisiwani humo. Mzee atakapoivaa kurta hiyo, hatakuwa amevaa kitu kigeni kabisa kwa pwani hii.

Fundi wa Mikindani

Nawashukuru sana. Nimeloweka na kukausha: urefu umerudi kutoka sentimita 20 hadi 19, na upana haukubadilika sana. Lebo ipo, kijana ameipiga picha. Limebaki moja: kola ya kusimama niikazie kwa kitambaa gani?

Mshonaji wa Lindi

Ikazie kwa kipande cha khadi hiyohiyo ulichokwisha kuosha, ukikunje mara mbili. Vikazio vya kubandika kwa pasi havirudi pamoja na khadi, na baada ya kufuliwa mara chache kola huota mapovu. Kwa mita nne na upana wa inchi 36, kata kwanza mbele, nyuma na mikono, kisha kola na kikazio chake vitoke kwenye masalio.