Nyumba ya kiwandani au ya tofali kwa kiwanja cha Mikindani: ipi inafaa?

Mwana-Mikindani
Ndugu zangu wajenzi, nina kiwanja Mikindani, Mtwara, kama nusu kilomita kutoka baharini, na ninataka kumjengea mama yangu nyumba ya vyumba vitatu. Kazi yangu iko Dodoma na likizo ni siku 28 kwa mwaka, hivyo siwezi kumsimamia fundi kutoka msingi hadi bati. Njia ninazozipima ni tatu: tofali za saruji kama majirani wote, vyumba vilivyokamilika kiwandani, vyenye nyaya, mabomba na vigae, vinavyoletwa na kupangwa juu ya msingi, au fremu ya chuma na paneli, yaani vipande vipana vya ukuta, zinazokatwa kiwandani kwa vipimo vya ramani yangu, kisha zikaunganishwa kiwanjani. Njia mbili za mwisho zinanivutia kwa sababu msingi unaweza kumwagwa zege wakati nyumba yenyewe inatengenezwa. Ninachokiogopa ni chumvi ya bahari.

Fundi wa Ligula
Ndugu yangu, tofali usizidharau. Saruji inatengenezwa hapahapa Mtwara katika kiwanda cha Dangote, mafundi tunao, na ufa ukitokea hakuna haja ya kumwita mtu kutoka mbali. Zaidi ya hayo, tofali zinakwenda na mfuko wa mtu: mwaka huu msingi, mwakani kuta. Nyumba ya kiwandani haina subira hiyo, kwa kuwa fedha nyingi hutakiwa kabla hujaona hata nati moja. Vilevile lazima uamue kila kitu mapema. Kwangu mama mwenye nyumba akisema mlango uhamie upande wa pili, ninapoteza siku moja. Kiwandani, chuma kikishakatwa, hata swichi ya taa haihami kirahisi.

Mama wa Newala
Shikamoo Fundi. Ulilosema juu ya mfuko ni kweli, ila lina upande wake mchungu. Sisi wakulima fedha za korosho tunazipata kuanzia mwishoni mwa mwaka, na mvua nazo zinakuja mlemle. Mwaka nilioanza kujenga, kuta zilifika kwenye linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, fedha zikaisha, zikanyeshewa msimu mzima bila bati. Safu za juu za tofali zilizojengwa kwa udongo mwingi na saruji kidogo zilibomolewa zote. Asiye na fedha za kumfikisha kwenye bati ajue kwamba tofali nazo zina hasara yake.

Msafirishaji wa Kilwa
Naomba nizungumzie barabara, maana bei mnayopewa kiwandani si bei ya nyumba iliyofika. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Kontena la kawaida lina upana wa mita 2.44, chumba kilichokamilika kikizidi upana unaoruhusiwa barabarani kinahitaji kibali maalumu, na kikibaki ndani ya upana huo, sebule ya mita 4 italazimika kutoka katika vipande viwili. Pale vinapokutana, sakafuni na juu ya paa, ndipo maji yanapotafuta njia. Kisha unahitaji kreni, na kreni inahitaji ardhi ngumu ya kusimamia, si mchanga wa pwani uliolegea. Paneli zilizolazwa hubebwa na semitrela ya kawaida na kushushwa kwa mikono. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika eneo la Somanga nikiwa na mzigo wa vifaa vya ujenzi. Mzigo uliolazwa na kufunikwa turubai unaweza kuvumilia kusubiri kwa namna hiyo. Chumba chenye vigae na dari ya jipsamu ningekiogopa.

Mkazi wa Shangani
Nimeishi miaka sita katika nyumba ya paneli karibu na ufukwe, na hofu yako ya chumvi ni ya haki. Paneli zenyewe ni nzima. Kilichoharibika ni parafujo: nilipoigusa moja ya dirisha la jikoni, kichwa kilimenyeka kidoleni kama ganda la korosho iliyochomwa. Tatizo jingine lilianzia kwenye msingi. Boliti zilizozikwa kwenye zege hazikulingana na matundu ya fremu, zikapishana kwa vidole viwili, na mafundi wakayapanua matundu kwa moto. Moto ule uliunguza zinki inayozuia kutu, na leo nguzo zinalika palepale, kwingine hapana.

Mhandisi wa Lindi
Dada wa Shangani ameonyesha kiini cha jambo. Mwana-Mikindani, kwa mtu aliye mbali kama wewe ningechagua paneli, kwa masharti. Kiwanda kitoe kielelezo cha boliti, kinachoonyesha kila boliti ikae wapi kwenye msingi, kabla zege halijamwagwa, na mkataba useme nani anabeba gharama vipimo vikipishana. Fremu ipakwe zinki baada ya kukatwa na kutobolewa, wala isichomelewe kiwanjani. Parafujo ziwe za chuma kisichoshika kutu. Uliza pia ndani ya paneli mna nini: sufi ya mawe haiwaki, povu la plastiki linawaka. Paa litokeze vya kutosha kufunika baraza pande zote, kwa kuwa ukuta mwepesi ukipigwa na jua hupasha chumba upesi. Malipo yagawanywe kwa hatua, na ya mwisho yasubiri mvua ya kwanza ipite juu ya paa. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kinahitajika kama kwa nyumba nyingine yoyote.

Mwana-Mikindani
Nawashukuru sana. Vyumba vilivyokamilika nimeviacha. Maelezo ya kreni na mchanga yametosha. Nitachukua paneli, ila choo na jiko nitavijenga kwa tofali vikiwa vimeungana na nyumba kwa baraza, kwani mama anapikia kuni na sitaki moto karibu na paneli za aina yoyote. Fundi wa Ligula, kama una nafasi mwezi Juni, msingi na jiko ni vyako. Kielelezo cha boliti nitakuletea mwenyewe mkononi.

Fundi wa Ligula
Nafasi ipo. Njoo nacho kabla sijachimba, tukipime pamoja kwa kamba pale kiwanjani.