Mark Johnson na hoki ya wanawake ya Wisconsin

Swali: Ndugu zangu, ilikuwaje Mark Johnson, aliyefunga mabao 2 Marekani ilipoishinda timu ya Muungano wa Kisovieti katika Olimpiki ya 1980, akaishia kufundisha hoki ya barafuni kwa wanawake wa chuo?

Jibu: Alikuwa kocha msaidizi wa wanaume katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambako baba yake, Bob Johnson, alitwaa mataji 3 ya taifa akiwa kocha. Mwaka 2002, ukocha mkuu wa timu ya wanaume ulipokwenda kwa mwingine, alikabidhiwa timu ya wanawake, na kufikia 2025 alikuwa ameipatia mataji 8.

Jibu: Aliiongoza pia timu ya wanawake ya Marekani kupata medali ya fedha katika Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010. Binafsi ninachokienzi zaidi ni kuijenga timu upya kila mwaka, wachezaji waliokomaa wanapohitimu.